Wasifu wa Bi Shingo, Aliyekosea Mara Mbili

Wapendwa wote mliofika kumsindikiza marehemu, mliokaa na mliokosa viti, poleni na jua. Haya mtakayoyasikia yameandikwa na mdogo wake wa kike, yule mwoka mikate, na ndiye anayeyasoma. Marehemu alimwachia masharti mawili: wasifu usizidi robo saa, na asisifiwe kwa jambo lolote ambalo halijathibitishwa. Sharti la pili limetimizwa. La kwanza, mtatusamehe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1956, alfajiri, katika chumba cha nyuma cha duka la mikate la wazazi wake. Mama alikuwa ameshakanda unga wa siku hiyo, na mpaka uzeeni alisisitiza kwamba mikate ya siku ile haikuchelewa hata dakika moja. Mkunga alipofika alikuta mtoto ameshatoka, kazi iliyobaki ni kumpima tu, na mizani iliyokuwa karibu ilikuwa ya unga. Kilo tatu na robo. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu. Kaka yake alimtangulia kwa miaka mitano, na mdogo wake akaja baada ya minne.

Alikuwa na miaka saba siku baba alipomkuta amekaa juu ya gunia, ameshika donge la unga kwa mikono miwili, analivuta. Donge lilisinyaa katikati, likakatika. Akachukua lingine, likakatika. Baba alihesabu kumi na moja yaliyoharibika pale chini, akauliza, "We mtoto, unatafuta nini humo?"

"Nataka kujua linajuaje mahali pa kukatikia."

"Linakatikia palipo pembamba."

"Na kabla hapajawa pembamba, palijuaje kuwa ndipo?"

Baba alijipangusa unga mikononi. Kisha akamwita mama, akamwambia huyu apelekwe shule haraka kabla hajawamalizia unga wote. Shule alianza Januari mwaka uliofuata, 1964, kwenye madarasa yale ya bati nyuma ya soko, na walimu waliomfundisha walikuwa wakija dukani kununua mkate na kulalamika kwa pamoja. Malalamiko yalikuwa yale yale: mtoto hana utundu, hapigi kelele, lakini ukimwambia jambo anakuangalia kama umemwambia nusu.

Mwaka 1971 alikwenda sekondari ya wasichana ya bweni. Huko ndiko alikotolewa nje ya darasa kwa kumbishia mwalimu wa hisabati. Mwalimu alisema pembe tatu za pembetatu zikijumlishwa ni nyuzi mia na themanini, hakuna zaidi. Marehemu akasema si lazima. Alipelekwa kwa mwalimu mkuu, naye mwalimu mkuu akamtaka ajieleze. Akatoa chungwa mfukoni, akachora juu yake kwa kalamu pembetatu yenye pembe tatu za mraba: unaanzia juu, unashuka mpaka kiunoni mwa chungwa, unakwenda robo ya mzunguko, unapanda tena juu. Tisini, tisini, tisini. Mwalimu mkuu aliligeuzageuza lile chungwa muda mrefu. Akamwambia arudi darasani akaombe radhi kwa sauti aliyotumia, si kwa alichosema, na chungwa akabaki nalo mwenyewe.

Alihitimu shahada ya kwanza mwaka 1979 na ya pili mwaka 1982. Mwaka 1983 alikwenda ng'ambo kusomea shahada ya uzamivu, katika mji ambao barua zake zote ziliusimulia kwa neno moja, baridi, na akarejea mwaka 1988 akiwa daktari wa falsafa na mtu wa kuvaa soksi mbili mbili hata nyumbani. Tarehe 1 Oktoba mwaka huo aliajiriwa kuwa mhadhiri katika idara ya hisabati. Alipewa chumba namba 14, ghorofa ya pili, mkabala na choo ambacho mlango wake haukuwahi kufunga sawasawa, na humo alifanya kazi miaka ishirini na minane bila kuomba ahamishwe.

Kazi yenyewe ilikuwa nini? Swali hili ndugu wameulizwa tangu msiba uanze, na kila mmoja amemtupia mwenzake. Mdogo wake atajaribu, kwa namna marehemu alivyomweleza mara mia kwenye meza ya kukandia. Chukua umbo lolote, la mpira au la kitu chenye mabonde na vilima. Kila mahali pake pana kipimo cha umbali, na kipimo hicho ndicho kinachokwambia hapo pamepinda kiasi gani. Sasa kiache kipimo kibadilike chenyewe kwa kanuni moja, kwamba palipopinda sana pasinyae haraka na palipopinda kidogo pasinyae polepole. Inafanya kazi kama joto ndani ya tanuri, linavyohama kutoka upande wenye moto kwenda upande uliopoa mpaka kote kuwe sawa. Maumbo mengi yakiachiwa kanuni hiyo hutulia, yakawa mviringo mzuri. Lakini mengine yana shingo, yaani sehemu nyembamba katikati ya vichwa viwili. Shingo ikiwa nyembamba, imepinda sana. Ikipinda sana, inasinyaa haraka. Ikisinyaa, inapinda zaidi. Haupiti muda mrefu, mpindo unapita kila namba unayoweza kuitaja na kanuni yenyewe inakwama. Hapo ndipo shingo imekatika. Marehemu alitumia maisha yake kusogelea mahali hapo pa kukatika na kuuliza: nukta ya mwisho kabisa kabla ya kukatika, panafananaje?

Ndiyo maana wanafunzi walimwita Bi Shingo. Mwanzoni ilikuwa kisirisiri, lakini siku moja ofisi ya mitihani ilimwandikia barua rasmi kwa jina hilo, kwa bahati mbaya, na yeye akaitia fremu na kuitundika ukutani. Jirani mmoja, aliyesikia habari nusu, alikuja na shingo iliyokakamaa akiomba aangaliwe. Marehemu alimkaribisha chai, akamweleza kwa upole kwamba za kwake huwa zinakatika tu, bado hajapata hata moja iliyopona.

Mume wake alimpata gizani. Ilikuwa mwezi wa Aprili 1989, umeme ukakatika kwenye ukumbi wa mihadhara akiwa katikati ya ubao. Fundi umeme wa chuo alikuja na tochi, akamwomba asogee ili apite. Marehemu akamwambia, "Mulika hapa kwanza, nimalizie mstari." Fundi alimulika. Mstari haukuwa mmoja, ulikuwa ubao mzima, na wanafunzi wamekaa kimya wanaangalia. Mwishoni fundi aliuliza hayo yote yanahusu nini, akajibiwa, "Shingo." Walifunga ndoa tarehe 22 Desemba 1990. Shemeji, kwa hiari yake, aliupaka mlango wa jikoni rangi nyeusi ya ubao ili mkewe aandike huku chungu kikichemka, na kwa miaka thelathini na miwili hakuufuta mlango ule bila kuuliza. Walitibiwa, walisubiri, hawakupata mtoto, na baada ya miaka tisa waliacha kuzungumzia jambo hilo.

Mwaka 1998 marehemu alichapisha makala ya kurasa sitini na tatu iliyompa jina. Humo alithibitisha kwamba katika jamii fulani ya maumbo yenye shingo, kila shingo inapokatika hukatika kwa namna moja tu. Ukiisogelea kwa lenzi inayokuza zaidi na zaidi, unachokiona mwishoni ni bomba lililonyooka, si kitu kingine chochote. Watu waliandika kutoka pande zote. Na mwaka 1999 akaja kijana mmoja kuomba asimamiwe kwa shahada ya uzamivu, mrefu kiasi cha kuinama ili aingie chumba namba 14. Hapa ataitwa Mrefu, kwa sababu ndivyo alivyoitwa nyumbani kwao marehemu, ambako alikula, alibishana, aliandika kwenye mlango wa jikoni sehemu ya juu isiyofikiwa na mtu mwingine, na aliuliziwa na shemeji kila alipochelewa kula. Tasnifu yake, aliyoitetea mwaka 2003, ilijengwa juu ya ile makala ya Mwalimu wake. Sura tano, na zote tano zimesimama hapo. Mwaka 2006 naye alipewa mkataba wa miaka mitatu pale pale idarani.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Oktoba 2008, Jumanne, marehemu alikuwa anawasomesha wanafunzi wa uzamili ile makala yake. Walifika ukurasa wa 41. Pale palikuwa na sentensi iliyoanza na maneno "ni dhahiri kwamba." Binti mmoja, aliyekaa nyuma na hakuwa na kawaida ya kuuliza, akauliza, "Mwalimu, samahani, kwa nini ni dhahiri?" Marehemu alifungua mdomo ajibu. Akaisoma tena sentensi ile, kisha tena, chaki mkononi. Mwisho akasema, "Nipeni mpaka Alhamisi." Alhamisi aliingia darasani, hakuketi, akasema, "Si dhahiri," akawaruhusu waondoke.

Kosa lilikuwa hivi, na si gumu kulielewa. Fikirieni umbo lenye kichwa kikubwa upande mmoja na kidogo upande wa pili, na shingo katikati. Kichwa kidogo kikiwa na ukubwa wa kutosha, shingo inakatika kabla yake. Kikiwa kidogo mno, kinamezwa kabla shingo haijakatika, na umbo zima linakuwa mviringo. Je, pakiwa na kichwa cha kadiri iliyopimwa sawasawa, kinachoisha wakati ule ule shingo inapokatika, wala si kabla wala si baada? Hapo lenzi haitaonyesha bomba. Marehemu aliandika kwamba ni dhahiri hilo haliwezi kutokea katika maumbo yake, akapita. Hakuwa amelithibitisha. Miaka kumi watu wazito wa fani walisoma ukurasa ule, na wote walipita naye.

Katika fani ile, mtu akigundua kosa katika alichochapisha, huandika barua kwa jarida, na jarida huchapisha kwamba makala imeondolewa. Mdogo wake alikuwepo jikoni siku Mrefu alipoambiwa, alikuwa amepeleka mkate, akajikuta amesimama na mkate wake. Marehemu alieleza kosa lote mlangoni, kwa chaki. Mrefu hakubisha hata mstari mmoja. Alisema tu, "Mwalimu, kamati ya ajira inakaa Februari. Ngoja miezi mitatu. Baada ya hapo tuma hata kesho yake, na mimi nitasaini."

"Baada ya miezi mitatu kosa litakuwa limepungua?"

"Litakuwa lile lile."

"Basi na barua ni ile ile. Ukweli hauwekwi foleni."

"Barua ni ile ile, Mwalimu, lakini mimi nitakuwa na kazi."

Marehemu alituma barua tarehe 18 Novemba 2008. Februari kamati ilikaa, ikaona tasnifu ya Mrefu imejengwa juu ya makala iliyoondolewa, ikaamua mkataba wake usiendelezwe. Juni 2009 alifungasha vitabu vyake akaenda mji mwingine kufundisha sekondari. Simu ya marehemu hakupokea, na baada ya muda marehemu hakupiga tena. Mwaka 2011 chuo kilimpandisha marehemu kuwa profesa kamili, na katika barua ya kumpandisha wakataja uadilifu wake. Shemeji anasema siku ile alirudi nyumbani, akaiweka barua kabatini bila kuifungua mara ya pili, akaenda kulala saa kumi na mbili jioni.

Tangu atume ile barua, miaka kumi na minne, alikuwa na kazi moja. Alitaka kulithibitisha lile alilosema ni dhahiri. Aliamini bado ni kweli, ila njia ndiyo iliyompotea. Na hesabu yake ilikuwa rahisi: makala ikisimama, tasnifu ya Mrefu inasimama pia, na atakuwa na la kumwambia. Alistaafu mwaka 2016, mlango wa jikoni ukawa ofisi. Mdogo wake alimwambia si mara moja, "Dada, mpigie tu simu."

"Nikishapata la kumwambia."

"Mwambie habari za asubuhi."

"Hiyo si habari."

Alikuwa hivyo. Alimpenda mtu kwa kumtengenezea kitu, na kama kitu hakijakamilika, hakutokea. Wapo hapa wanafunzi wake wanaolijua hilo, na walikuwa wakirudishiwa kazi zao zimesahihishwa ukurasa kwa ukurasa na mtu ambaye hakuwa amewauliza hata wamelalaje. Watoto wa ndugu zake, waliomwita Mama Mkubwa na Shangazi, waliletewa kila sikukuu ya kuzaliwa umbo la karatasi alilolikunja mwenyewe, na hakuwa akikumbuka kuwaambia hongera.

Ugonjwa ulianza Novemba 2022 kwa maumivu ya mgongo, ambayo aliyalaumu kiti. Januari 2023 hospitali ilisema ni saratani ya kongosho, na kwamba imekwenda mbali. Alimuuliza daktari ana muda gani, daktari akasema ni vigumu kusema. Akamuuliza, "Vigumu kwa sababu hamjui, au kwa sababu mnajua?" Daktari akamwambia miezi minne hadi sita. Akashukuru. Kitanda kililetwa chumba cha mbele, na shemeji akautoa mlango wa jikoni kwenye bawaba zake, akauegemeza ukutani mbele ya kitanda.

Tarehe 30 Machi ilifika bahasha. Ndani yake mlikuwa na kurasa themanini zilizochapwa na ukurasa mmoja wa mkono wa Mrefu, ambao unasomwa hapa kwa ruhusa aliyoitoa kwa simu: "Mwalimu, nimesikia unaumwa. Hili nimekuwa nalo tangu 2014. Mwanzo sikulileta kwa hasira. Baadaye kwa kukuonea huruma. Miaka ya mwisho ni kwa aibu ya kuchelewa. Makala yako haiwezi kurekebishwa. Kichwa cha kadiri ile kipo. Nimekijenga." Mtu anayefundisha vipindi ishirini na nane kwa wiki, madarasa ya watoto sitini, alikuwa amekaa peke yake na lile tatizo akalimaliza.

Ndugu waliogopa ile bahasha itamuua kabla ya ugonjwa. Marehemu alisoma ukurasa wa kwanza, akacheka mpaka sindano ya mkononi ikachomoka. "Mdogo wangu," akasema, "kumbe si mimi niliyeshindwa. Haliwezekani." Alikuwa na furaha ambayo mdogo wake hakuwahi kuiona usoni mwake tangu wakiwa wasichana. Je, alikubali Mrefu apigiwe simu? Hapana, bado. "Simpigii mtu ambaye sijamaliza kusoma kazi yake." Wiki saba alisoma, siku nyingine mistari mitatu, akiweka alama ndogo ya kukubali pembeni mwa kila ukurasa. Mdogo wake alipiga kelele, shemeji akabembeleza. Wapi. Hapo tena alikuwa yule yule, na mdogo wake anajilaumu mpaka leo kwa kutopiga simu ile kwa siri.

Alimaliza Jumatano tarehe 17 Mei. Kesho yake mdogo wake alimpigia Mrefu, kwa kuwa sauti ya marehemu ilikuwa imebaki ya kunong'ona. Mrefu alikuwa anasimamia mitihani. Akasema mitihani inaisha Ijumaa ya wiki ijayo, atakuja Jumamosi, tarehe 27. Marehemu aliposikia akasema, "Jumamosi ni mbali. Chukua kalamu."

Alichosema ndicho hiki, na aliagiza kisomwe kama kilivyo:

"Nilikosea mara mbili. Kosa la kwanza ni ukurasa wa 41. Hilo nililiandikia jarida na kila mtu amesoma. Mwanafunzi wangu amethibitisha kwamba halirekebishiki. Kazi yake ni sahihi, nimeisoma yote, ichapishwe kwa jina lake peke yake. Kosa la pili sijaliandikia mtu, kwa sababu hakuna jarida la mambo hayo, basi naliandika kwenye wasifu wangu. Tarehe 18 Novemba 2008 nilituma barua ambayo ingeweza kungoja miezi mitatu. Nilijua nani ataumia. Nilisema ukweli hauwekwi foleni. Ukweli ule ulikuwa umekaa kwenye foleni miaka kumi, ungekaa mpaka Februari. Nilichokuwa nakikimbiza ni jina langu, watu wasije wakasema nilijua nikanyamaza. Nimekosea. Naiondoa kauli yangu, na sina cha kurekebishia."

Kaka yake, karani mstaafu wa mahakama, alipoisoma rasimu alikataa. "Watu wanakuja kuzika," alisema, "hawaji kusikiliza kesi. Mtu hapandishwi kizimbani akiwa kwenye jeneza." Alikuwa na haki ya kusema hivyo, ni mkubwa wa familia, na alimpenda. Mdogo wake alimjibu kwamba huyu aliyeko kwenye jeneza ndiye aliyejipandisha. Walibishana siku mbili, vikombe vya chai vikipoa mezani. Jana asubuhi kaka aliichukua karatasi, akasahihisha tarehe moja iliyokosewa, akairudisha. "Soma," akasema. "Ila mimi nitakuwa naangalia chini." Mnaomwona ameinamisha kichwa, mwacheni.

Marehemu alifariki dunia nyumbani, Jumatano tarehe 24 Mei 2023, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na sita, miezi tisa na siku kumi na tano. Mumewe alikuwa ameshika mkono wake wa kulia, na mdogo wake ule wa kushoto. Hakusema neno la mwisho la kukumbukwa. Aliomba maji, akanywa, akasema yana ladha ya bomba, akalala.

Ameacha mume, fundi umeme mstaafu. Ameacha kaka mmoja na mdogo mmoja. Ameacha watoto watano wa ndugu zake na wajukuu watatu, na wanafunzi ambao idara inasema ni mia nane na kitu.

Mistari inayofuata haimo kwenye karatasi mlizogawiwa. Imeongezwa kwa kalamu asubuhi ya leo, baada ya kuonekana nani yuko langoni. Katika rasimu ya kwanza, ambayo marehemu aliisoma mwenyewe kitandani, mdogo wake aliandika kwamba marehemu hakujaliwa mtoto. Marehemu aliomba kalamu, akaukata mstari huo, akaandika pembeni, "Si kweli." Mdogo wake akamuuliza aandike nini basi. Akasema, "Andika mmoja. Akikataa ana haki, lakini aandikwe."

Kwa hiyo ameacha na mtoto mmoja. Leo ni Jumamosi tarehe 27, na amekuja kama alivyosema. Amesimama pale langoni, nyuma ya watu wote, na kwa urefu ule hawezi kujificha. Hili analisikia sasa hivi, kwa mara ya kwanza, pamoja nanyi. Mstari wa mbele, kati ya mgane na mwoka mikate, kuna kiti kitupu. Wengi wenu mmekitaka tangu asubuhi mkaambiwa kina mtu. Hakuna atakayemlazimisha akikalie, na hakuna mwingine atakayekikalia.

Dada, barua yako imesomwa. Mungu akupe amani, upumzike.